Utamu wa Jua la Hombolo

Miaka ile, kila joto lilipopanda Dodoma, Redio Mguso iliwapelekea wasikilizaji wake maji ya baridi miguuni.

Ndivyo habari za joto zilivyozoeleka. Msikilizaji alivaa kigusi chake, mkufu mwembamba wa nyuzi laini unaolala chini kidogo ya kisogo. Mtangazaji alipokuwa akisema kwamba jua la wiki hii limepita lile la mwaka jana, msikilizaji alihisi nyayo zake zikitumbukia kwenye bwawa la kuogelea, au juisi ya ukwaju yenye barafu ikimshuka kooni. Watu walizipenda sana habari hizo. Wengine walipiga simu studio kuuliza joto litapanda tena lini.

Aliyekuwa akiingia bwawani ni Eunike Chilongani. Alikuwa ripota, na hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake: kuvaa kigusi cha kurekodi, kuogelea kwenye bwawa la hoteli, kunywa juisi taratibu, kisha kurudi ofisini na nywele mbichi. Hakuwa na shida na kazi hiyo. Ila asubuhi moja, kwenye kikao cha kupanga habari, alisema jambo ambalo lilimfanya mhariri wake, mzee Luvanda, aweke kikombe chake mezani.

"Safari hii nipeleke Hombolo, mzee. Kwenye mavuno ya zabibu."

"Hombolo kuna bwawa la kuogelea siku hizi?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka kwenda."

Luvanda alielewa. Jumamosi ile Baraza la Bonde, lililosimamia mashamba yote ya zabibu ya eneo lile, lilikuwa liamue kuhusu saa za kivuli. Pendekezo lilikuwa kwamba jua likifika utosini wavunaji waache kazi, wakae kivulini mpaka lipungue makali, na ujira wao usiguswe. Wajumbe wengi walikuwa hawajaamua. Waliishi kwenye nyumba za kuta nene, wakitoka alfajiri na jioni, na joto walilijua kwa habari tu. Aliyepinga waziwazi ni mjumbe Mwaluko, mwenye shamba kubwa, mtu mpole asiyepandisha sauti. Hoja yake ilikuwa moja: wavunaji wenyewe hawajalalamika.

"Basi waache wajumbe wahisi wenyewe," Eunike alisema. "Wakikaa mle shambani kwa mwili wa mvunaji, hata kwa muda mfupi, watajua."

"Nenda," Luvanda alisema. "Ila kunywa maji."

*

Damari Mbeleje alikuwa msimamizi wa wavunaji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wenzake kutoka mstari mmoja wa mizabibu hadi mwingine. Eunike alimwamkia kwa Kigogo, lugha ya bibi yake, ambayo mjini alikuwa haitumii. Damari aliitikia vizuri, kisha akamcheka.

"Mwanangu, Kigogo chako kimekaa kabatini muda mrefu. Kimeliwa na nondo."

"Nitakitoa nikianike, mama."

"Kianike leo. Jua lipo."

Eunike alimweleza kazi ya kigusi huku akimfungia shingoni. Hakipimi joto la hewa, alimwambia. Kinachukua kile ambacho mwili unauambia ubongo: uchovu, kiu, jasho, raha, maumivu. Chochote utakachohisi, msikilizaji naye atakihisi. Mapigo ya moyo na joto la mwili vinaonekana kwenye kioo hiki kidogo nilichoshika, ila hivyo havirushwi hewani.

"Na nikiwashwa mgongo?"

"Dodoma nzima itawashwa mgongo."

Damari alifurahi sana kusikia hivyo. Aliwaita wenzake kuwaambia, na asubuhi yote walikuwa wakimuuliza kama mgongo umeanza.

Walivuna. Mkono wa kushoto unashika kichala kwa chini, wa kulia unakata kikonyo kwa mkasi, kichala kinalazwa kwenye kreti bila kudondoshwa. Eunike alitembea kando yake akiwa ameshika kioo. Jua lilipanda juu ya vilima, nyavu za kuzuia ndege zikatulia kwa kukosa upepo, na udongo mwekundu ukaanza kurudisha joto kupitia soli za viatu. Eunike alikunywa chupa yake yote na kuomba nyingine. Kichwa kilimgonga. Alipomtazama Damari, alimwona anavuna kwa mwendo uleule, akimsimulia habari za mjukuu wake aliyekataa kunyolewa.

"Mama, hulisikii hili joto?"

"Nalisikia. Lakini tumezoeana. Mwanzoni mwa kila msimu linanisumbua, halafu linaniacha."

Kwenye kioo, moyo wa Damari ulikuwa ukienda mbio kama wa mtu anayepanda mlima. Joto la mwili wake lilikuwa limepanda na lilikuwa bado linapanda. Eunike alidhani kifaa kimeharibika. Alikizima na kukiwasha tena, kikaonyesha yaleyale.

Jua lilipokaribia utosini, Damari alinyamaza. Kisha akatabasamu. Alikata kichala, akakitazama, akakitundika tena juu ya mzabibu kana kwamba kitashika. Akakata kingine na kukiweka mfukoni.

"Rehema," alimwambia Eunike, "hebu funga mlango, upepo huu mzuri lakini utazima moto."

Hapakuwa na mlango. Upepo nao haukuwepo. Eunike alimshika mkono na kuukuta mkavu, hauna hata tone la jasho. Aliita kwa nguvu. Chedego, dereva wa trekta, alikuja mbio, wakambeba hadi chini ya trela, wakamlaza, wakamvua kofia, wakamwagia maji ya kwenye madumu kichwani, kwapani na mapajani, huku Eunike akimpepea kwa ubao wa kreti. Damari aliwaangalia wote kwa upole, kama mtu aliyetembelewa na wageni.

Mhudumu wa afya wa shamba alifika na barafu. Ilichukua muda. Jua lilipokuwa limeinamia upande wa magharibi, Damari alikaa na kuuliza ni nani aliyemlowesha kanga yake mpya.

"Mimi, mama," alisema Eunike, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Sasa unalia nini? Itakauka."

"Rehema ni nani?"

Damari alifikiri. "Binti yangu mkubwa. Yuko Iringa. Kwa nini?"

*

Eunike aliingia studio akiwa na uhakika kwamba amebeba habari itakayowatikisa watu. Alijifunga kigusi, akakaa na Luvanda, wakaanza kusikiliza tangu asubuhi.

Kilichowajia hakikuwa kile walichotegemea. Asubuhi ilikuwa na uchovu mdogo mabegani na kiu ya kawaida. Baadaye joto lilikuja, lakini kwa mbali, kama moto wa jiko la jirani. Mwili wa Damari ulikuwa umekwisha kulizoea na ulikuwa umeacha kulilalamikia. Kisha walifika pale alipotabasamu. Eunike alishika kingo za meza. Uchovu uliondoka kama nguo inayovuliwa. Mikono ikawa myepesi. Ukaja upepo usiokuwepo, na furaha tulivu ambayo Eunike hakuwahi kuihisi hata bwawani, furaha ya mtu aliyemaliza kazi zake zote na kukaa nyumbani kwake.

Luvanda alivua kigusi chake polepole.

"Hapa ndipo alipokuwa anakufa?"

"Hapa hapa."

Luvanda alikuwa mtu wa miaka mingi katika kazi hii, na alikuwa ametangaza mambo mazito bila kutetereka, lakini alisimama akaenda kufungua dirisha, akakumbuka joto lililoko nje, akalifunga.

"Tukiirusha hivi," alisema, "Mwaluko ameshinda. Wajumbe watasema, tazameni, wavunaji wanastarehe. Watu watapiga simu kuomba irudiwe."

"Najua."

"Kuna kizidishi."

Eunike alijua angesema hivyo. Mguso unaposafiri hewani hupungua nguvu, kwa hiyo kila studio ilikuwa na kizidishi cha kuurudisha ulivyokuwa. Sheria iliruhusu kuzidisha hadi kiwango fulani, na hakuna aliyekuwa akikagua kwa karibu. Luvanda alifanya kazi pale mezani. Alipunguza ile furaha, akainua joto la asubuhi hadi mwisho wa kiwango, akaongeza ukavu wa koo. Kisha akamwashiria Eunike ajaribu.

Ilikuwa inaunguza. Baada ya pumzi chache tu alitaka kuuvua mkufu.

"Hakuna kosa la kisheria," Luvanda alisema. "Na si uongo, Eunike. Mwili wake ulikuwa unaungua. Wewe uliona namba. Nimeufanya mguso useme kile ambacho namba zilisema."

"Lakini yeye hakuhisi hivi."

"Yeye alikosea. Mwili wake ulimdanganya. Sisi tumeusahihisha." Sauti yake haikuwa ya kugombana, ilikuwa ya kuomba. "Saa za kivuli zisipopita barazani, mwakani mtu mwingine atatabasamu mle shambani na hutakuwepo wewe na kioo chako. Niambie, huyo utamweleza nini? Kwamba tulilinda usafi wa kazi yetu?"

Eunike alipofikiria upande mmoja, aliona Luvanda yuko sahihi. Alipofikiria upande wa pili, alimwona Damari akiambiwa na mji mzima pole kwa maumivu ambayo hakuyapata, na Mwaluko akisimama barazani kuuliza kwa utaratibu wake: mama, ulihisi hivyo kweli? Damari asingesema uongo. Angesema hapana.

"Mwili ni wake," alisema mwishowe. "Nitamuuliza mwenyewe."

*

Damari alifika studio siku iliyofuata akiwa amevaa gauni la kanisani. Alikuwa amepumzika, na alikuwa na njaa. Walimletea chai na chapati, akala, akasifia kiti. Kisha Eunike akamwomba asikilize mara mbili, kwanza rekodi ya Luvanda.

Damari alikifunga kigusi, akakunja uso, akakivua.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama," alisema Luvanda. "Tumekuongezea kidogo."

"Huyu ana hofu. Mtu akiwa na joto hili anakimbilia kivulini, haendelei kuvuna. Mngenifanya nionekane mjinga, kwamba nimeungua hivi na bado nimesimama."

Luvanda alikuna kidevu. Hakuwa ameliwaza hilo.

Kisha Damari alisikiliza ile halisi. Alipofika kwenye utamu, alifumba macho, na Eunike akaona mkono wake ukipapasa hewani, ukitafuta kichala. Alipokivua kigusi hakucheka. Alikaa akivitazama vidole vyake.

"Mimi sikumbuki hapa," alisema. "Nakumbuka mjukuu wangu na nywele zake, halafu nakumbuka kanga imelowa. Hapa katikati sikuwahi kupaona. Kumbe nilikuwa nafurahi hivi."

"Uliniita kwa jina la Rehema," Eunike alisema. "Ulisema nifunge mlango. Uliweka kichala mfukoni."

"Nilikikuta nilipofika nyumbani. Nilidhani mtu kanitania." Alisogeza kikombe chake cha chai. "Marehemu shemeji yangu Yoshua alianguka kwenye mizabibu. Tulisema alikwenda vizuri, kwa sababu alikuwa anacheka. Tulijifariji hivyo msiba mzima."

Eunike alikuwa anamwangalia, na wazo lilikuja lenyewe, bila kishindo.

"Mama, ungekubali tuirushe hii? Hivi ilivyo, bila kuongeza chochote. Halafu wewe na mimi tukae hapa, na mguso ukiwa unaenda, tuwaambie watu nini kilikuwa kinatokea. Mimi nitasoma kioo. Wewe utasema unachokumbuka na usichokumbuka."

"Watahisi utamu, huku masikioni wanasikia nakufa?"

"Ndiyo."

Luvanda alitikisa kichwa. "Ni hatari. Watu wanaamini shingo kuliko masikio. Tumewafundisha sisi wenyewe."

"Inawezekana tukashindwa, mzee," Eunike alisema. "Lakini tukishindwa, tutakuwa tumeshindwa tukiwa na kitu cha kweli, na mwakani tunaweza kukirudia. Ile nyingine ikigundulika, hakuna atakayetuamini tena kuhusu jua, hata tukisema limechomoza."

Luvanda aliwatazama wote wawili, kisha akarudisha kizidishi mahali pake.

"Jina la Yoshua mtalitaja?" alimuuliza Damari.

"Nitalitaja. Alikuwa mtu wa kutajwa."

*

Waliirusha Ijumaa, wakati ambao watu walizoea kupelekewa bwawa.

Eunike alianza bila mbwembwe. Alisema wasikilizaji wako shambani Hombolo, ndani ya mwili wa Damari Mbeleje, na kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Asubuhi ilipita. Damari alizungumza kama alivyozoea, akasimulia habari za yule mjukuu, na fundi mitambo akacheka nyuma ya kioo cha studio. Eunike alikuwa akisoma: moyo sasa unakwenda hivi, mwili umefika hapa. Kisha utamu ukaja, na Eunike, Damari na Luvanda wote watatu wakauhisi shingoni.

"Hapa mnajisikia vizuri," Eunike alisema. "Yeye pia. Mwili wake sasa umefikia joto ambalo wengi wakilifikia hawarudi. Ngozi imekauka. Haniiti tena kwa jina langu."

"Mimi hapa sipo," alisema Damari. "Mnayemhisi ni mimi, lakini sipo. Mkinipigia kelele nitawacheka."

Halafu sauti yake ya shambani ikasikika, nyembamba na yenye furaha, ikiomba mlango ufungwe kwa sababu ya upepo.

Luvanda alikuwa ameagiza mguso ukatwe ghafla pale Eunike alipoita msaada, na ulikatwa. Ulipoondoka, chumba kilionekana kigumu na chenye mwanga mkali. Damari alimtaja Yoshua, akasema alikuwa mtu wa namna gani, na wakafunga kipindi.

Simu hazikulia. Luvanda alitembea huku na huku, akasema alijua, akasema hajuti, akasema tena alijua. Kisha moja ikalia. Alikuwa fundi ujenzi wa mtaa wa Nkuhungu.

"Hali hiyo mimi naijua," alisema. "Imenipata juu ya kenchi za paa, zaidi ya mara moja. Nilikuwa nadhani ni Mungu ananipunguzia mzigo." Akashusha sauti. "Nilikuwa naisubiri, dada. Ndiyo iliyokuwa ikinifikisha jioni. Sasa nifanyeje ikinijia?"

"Shuka," Eunike alimwambia. "Mwambie mwenzako akushushe."

Baada ya hapo simu zilikuja nyingi. Mwanamke aliyepotea njia ya kwenda kwake mchana kweupe. Mwendesha bodaboda aliyepita nyumbani kwake akiimba. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakisema joto haliwasumbui, na ambao sasa walitaka kumsimulia mtu fulani siku waliyokuwa na furaha isiyo na sababu. Luvanda aliacha kutembea, akachukua simu ya pili, akaanza kupokea.

Barazani siku iliyofuata, mjumbe Mwaluko alisimama wa kwanza. Eunike alikuwa kwenye viti vya waandishi na alijiandaa kwa hoja ileile.

"Nimesema hapa mara nyingi kwamba wavunaji hawajalalamika," Mwaluko alisema. "Jana nilisikiliza. Pale mguso ulipokatwa nilikasirika. Nilitaka uendelee." Alizitazama karatasi zake bila kuzisoma. "Nilikuwa nimeshaambiwa mama wa watu anakufa, na bado nilitaka uendelee. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Naunga mkono saa za kivuli, ila kazi ianze kabla ya jua kuchomoza, maana zabibu nazo hazisubiri."

Walibishana kuhusu alfajiri, kuhusu taa za shambani na kuhusu nani atanunua nyavu za kivuli. Mashamba mawili ya mbali yaliomba yapewe msimu mmoja wa kujiandaa, yakapewa, na hilo lilimuuma Eunike. Lakini pendekezo lilipita.

*

Siku saa za kivuli zilipoanza Hombolo, hakuna aliyejua akae vipi.

Kengele iligongwa na nusu ya wavunaji wakaendelea kukata. Damari alipita mstari kwa mstari akiwanyang'anya mikasi. Chini ya nyavu mpya walikaa wakitazamana kama watu waliofika mapema kwenye harusi. Chedego alilalamika kwamba mgongo unamuuma kwa kukaa. Mtu mmoja alitaka kujua kama hii itakuwa kila siku.

Eunike alikuwa amekuja bila kigusi. Alikuwa na ruhusa ya siku moja, na mfuko wa maandazi ambayo yaliisha kabla hajakaa vizuri.

Mwanamke mmoja aliyejifunga kitenge cha bluu ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini, wimbo wa wigashe, zile nyimbo za Wagogo zinazoimbwa watu wakiwa wamekaa. Alikuwa akiuimba kwa kukosa la kufanya. Aliyekuwa pembeni yake aliitikia. Damari, aliyekuwa amejinyoosha na kofia usoni, alisema kutoka chini ya kofia kwamba wanaanzia juu mno, watakwama kwenye kiitikio. Hawakumsikiliza, wakakwama, ikabidi akae awaonyeshe.

Walianza upya. Mabega yalishika mdundo, mikono ikapiga mapaja. Mwanamke wa kitenge cha bluu alimsogelea jirani yake ili Eunike apate nafasi kwenye mstari, na Eunike akakaa. Maneno hakuyajua. Mzunguko wa kwanza alipiga makofi tu, wa pili akashika neno la mwisho la kila ubeti, na ulipokuja wa tatu aliimba pamoja nao, vibaya, bila kujali. Nje ya kivuli jua liliwaka juu ya mizabibu na mistari yake mitupu.